Bomba Lenye Jina: Istilahi za Ombi Moja Katika Seva ya Mafaili

1. Utangulizi

Karani wa masjala akiona kwenye kioo cha kompyuta yake maneno "bomba limepasuka", atafanya nini? Yamkini atamwita fundi bomba. Akiwa anazijua kompyuta kidogo, atamwita fundi wa kompyuta. Na fundi huyo, aliyezoea kuyasoma maneno hayo kwa Kiingereza, ataomba aambiwe kwanza yalikuwaje kabla ya kufasiriwa. Kwa vyovyote vile tafsiri haikumsaidia mtu. Maneno ni ya Kiswahili na sarufi yake haina kasoro, lakini maana haikufika.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kitu hicho kinachoitwa bomba katika seva za mafaili ya pamoja, hasa lile linaloitwa kwa Kiingereza "named pipe". Kisha kuonyesha jinsi seva inavyolishughulikia ombi la kulifungua. Na mwisho kupendekeza istilahi chache zitakazowafaa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali. Huenda msomaji akadhani kuwa hili ni jambo la mafundi peke yao. Twaomba atuvumilie. Tutaona kwamba mwaka 2017 iligunduliwa kuwa programu moja ya seva, inayotumika sana duniani, ilikuwa imechanganya jina na njia kwa muda wa miaka saba, na kwamba mchanganyiko huo uliwafungulia mlango wavamizi. Mfasiri asiye mwangalifu aweza kuwafundisha wasomaji wake mchanganyiko ule ule.

Kanuni tutakayoifuata ni ile ya siku zote: kwanza kitu, kisha neno.

2. Masjala na madirisha yake

Seva ya mafaili ni kompyuta inayotunza mafaili kwa niaba ya kompyuta nyingine, ambazo tutaziita wateja. Mteja hutuma ombi kwa njia ya mtandao. Seva hulipima na kulijibu. Kila mtumishi aliyepata kufanya kazi katika ofisi yenye masjala anaujua utaratibu huu. Tarishi huleta karatasi yenye namba ya jalada. Karani wa masjala hutazama kama mwombaji anaruhusiwa. Jalada huteremshwa kutoka rafuni, husomwa, huandikwa, na hurudishwa.

Lugha rasmi ambayo mteja na seva huitumia huitwa itifaki. Itifaki tunayoizungumzia hapa hujulikana kwa herufi SMB. Ilianzia katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikaendelezwa na Microsoft, na ndiyo itumiwayo na kompyuta za Windows hadi leo. Mwaka 1992 Andrew Tridgell, akiwa Canberra nchini Australia, alitoa programu iliyoiwezesha kompyuta ya Unix kuisema lugha hiyo. Programu hiyo baadaye iliitwa Samba, nayo imo katika seva nyingi za ofisi na katika visanduku vidogo vya kuhifadhia data vinavyouzwa madukani.

Ama sasa, masjala haitoi majalada tu. Watu huja pia kuuliza mambo: ni nani wenye ruhusa ya kuingia, ni mashine gani za kuchapia zilizopo, ni sehemu zipi za masjala zilizo wazi kwa umma. Maswali kama hayo hayajibiwi kwa kuteremsha jalada. Hujibiwa na karani aliyeketi nyuma ya dirisha lake, na kila dirisha lina kibao cha jina. Mwombaji huenda kwenye dirisha linalohusika, hupitisha karatasi ya swali, hungoja, kisha hupokea karatasi ya jibu.

Dirisha hilo ndilo "named pipe" katika itifaki ya SMB. Ni mahali penye jina ambapo programu iliyo kwa mteja huzungumza na programu iliyo ndani ya seva. Hakuna kitu kilichohifadhiwa hapo. Hakuna rafu wala jalada. Pana mtu upande wa pili, yaani programu inayosikiliza.

Ugumu wote wa istilahi hii unatokana na jambo moja: waliounda itifaki waliamua kwamba bomba lifunguliwe, liandikwe, lisomwe na lifungwe kwa maombi yale yale yanayotumika kwa mafaili. Uamuzi huo ulikuwa na faida, kwani programu iliyokwisha kujua kusoma faili haikuhitaji kufundishwa lugha ya pili. Lakini kwa sababu hiyo bomba lavaa nguo za faili, na mtu asiyelijua huliita faili.

3. Safari ya ombi

Tufuate ombi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme mteja anataka kujua seva ina maeneo gani ya pamoja.

Kwanza, mteja hufungua mawasiliano na seva kwenye mlango namba 445. Pande mbili hupatana watatumia toleo gani la itifaki. Ni jambo la kufurahisha kwa wanaisimu kwamba matoleo hayo, katika maandishi ya itifaki yenyewe, huitwa lahaja. Hapa mfasiri hana haja ya kubuni neno. Lahaja latosha, na maana yake ni ile ile.

Pili, mteja hujitambulisha, kwa kawaida kwa jina la mtumiaji na nywila. Tatu, huomba kuunganishwa na eneo la pamoja. Angetaka mafaili, angelitaja eneo lenye mafaili. Kwa kuwa anataka kuzungumza na huduma, hulitaja eneo maalumu liitwalo IPC$. Alama ya dola mwishoni mwa jina ni desturi ya mifumo ya Windows, nayo huonyesha kwamba eneo hilo halionyeshwi katika orodha ya kawaida. IPC$ haina folda wala diski nyuma yake. Ni ukumbi wa madirisha tu.

Nne, mteja hutuma ombi la kufungua, akitaja jina la bomba. Kwa orodha ya maeneo ya pamoja jina ni srvsvc. Yapo majina mengine yaliyowekwa na itifaki: samr kwa akaunti za watumiaji, lsarpc kwa sera za usalama na utambuzi wa majina, spoolss kwa uchapishaji, winreg kwa rejesta ya mfumo. Hapa ndipo seva inapopaswa kufanya uamuzi wake mkubwa. Ombi limeandikwa kama ombi la kufungua faili, lakini limekuja kupitia IPC$. Kwa hiyo seva haipaswi kwenda kwenye diski. Inapaswa kutazama orodha ya huduma zake na kujiuliza swali moja tu: je, jina hili limo? Likiwamo, bomba hufunguliwa. Lisipokuwamo, mteja hujibiwa kwamba jina halikupatikana, na shauri huishia hapo.

Tano, seva humrudishia mteja namba ya kishikio. Kuanzia hapo mteja hataji tena jina la bomba; hutaja kishikio, kama vile mtu aliyekwisha kupewa namba ya foleni asivyohitaji kueleza upya shida yake. Sita, mteja huandika ndani ya bomba ujumbe wa kufungamana, unaotaja huduma anayoitaka na toleo lake, huduma hukubali, kisha mteja huandika swali lenyewe na kusoma jibu. Ili kupunguza safari, itifaki imeruhusu kuandika na kusoma kufanywe kwa ombi moja. Mwisho mteja hufunga kishikio.

Kuna mambo mawili yanayolitofautisha bomba na faili katika hatua ya kusoma, na yote mawili yana athari kwa mfasiri.

La kwanza ni kungoja. Faili lililo kwenye diski lina yaliyomo tangu hapo. Ukilisoma, hupati lisilokuwamo, lakini hukai kumngoja mwandishi. Bomba laweza kuwa tupu kwa sababu huduma ya upande wa pili bado inafikiri. Seva ikisimama na kungoja, maombi mengine ya mteja yule yule yatakwama nyuma yake. Kwa hiyo, katika matoleo mapya ya itifaki, seva hutoa kwanza jibu la muda lenye maana ya "ombi limepokewa, linashughulikiwa", kisha huendelea na kazi nyingine, na jibu kamili hufuata baadaye. Neno la kutumia hapa ni "linashughulikiwa". Kusema "limecheleweshwa" ni kosa, kwani hakuna ucheleweshaji wowote uliotokea.

La pili ni mpaka wa ujumbe. Faili ni mfululizo wa baiti tu. Bomba la aina hii, kinyume chake, huweza kuhifadhi mipaka ya kila ujumbe kama bahasha zilivyo mbalimbali. Tuseme jibu lina baiti 4,000, na mteja ametenga nafasi ya baiti 1,024. Seva humpa hizo 1,024 pamoja na taarifa kwamba ujumbe haujaisha. Naye husoma tena hadi bahasha imalizike. Katika maandishi ya itifaki taarifa hiyo ina jina ambalo neno kwa neno lingefasiriwa "kufurika kwa bafa". Bahati mbaya jina hilo hilo hutumika katika elimu ya usalama wa kompyuta kwa maana ya kasoro ya hatari, ambapo data huvuka mipaka ya kumbukumbu. Mfasiri akiandika "kufurika kwa bafa" katika kitabu cha mafundi wa seva, atamtia hofu msomaji juu ya jambo la kawaida kabisa. Katika mabomba maana yake ni "data zaidi ipo", basi.

4. Jina lililoaminiwa kupita kiasi

Tulisema kwamba katika hatua ya nne seva hutazama orodha yake. Tarehe 24 Mei 2017 watengenezaji wa Samba walitangaza kwamba programu yao, tangu toleo 3.5.0 lililotoka mwaka 2010, haikuishia kwenye orodha. Kasoro hiyo iliandikishwa kwa namba CVE-2017-7494.

Habari yenyewe ni hii. Samba iliundwa ili huduma mpya ziweze kuongezwa kama moduli, yaani vipande vya programu vinavyopakiwa inapohitajika. Kwa hiyo jina la bomba lilipokosekana katika orodha ya huduma zilizokwisha kupakiwa, seva ilijaribu kutafuta moduli yenye jina hilo na kuipakia. Kama jina lingekuwa neno tupu, kama srvsvc, utafutaji ungefanyika ndani ya folda ya moduli za Samba peke yake. Lakini hakuna aliyezuia jina kuwa na mkwaju ndani yake. Na katika Unix, jina linaloanza kwa mkwaju si jina tena. Ni njia kamili ya faili, kutoka mzizi wa diski hadi faili lenyewe.

Mvamizi aliyekuwa na ruhusa ya kuandika katika eneo mojawapo la pamoja aliweza basi kufanya hivi. Kwanza alipakia katika eneo hilo faili lenye programu yake ovu, kama mtumiaji yeyote anavyoweka barua au picha. Kisha alijiunga na IPC$ na kuomba kufungua bomba, lakini mahali pa jina aliandika njia ya faili lile alilolipakia. Seva haikuliona jina hilo katika orodha, ikaifuata njia, ikalikuta faili, ikalipakia na kuliendesha. Na kwa kuwa seva kwa kawaida huendeshwa kwa mamlaka makubwa kuliko yote katika mashine, programu ya mgeni ikapata mamlaka hayo. Ilimbidi mvamizi aijue au aikisie njia ya eneo hilo ndani ya diski ya seva, lakini katika mashine nyingi njia hizo hufanana.

Turudi masjala. Mgeni anaacha mzigo wake katika chumba cha kupokelea mizigo. Kisha anampa tarishi karatasi iliyoandikwa: "Namtaka karani aliye ndani ya mzigo ulioko chumba cha mapokezi." Mkuu wa masjala haoni dirisha la jina hilo. Badala ya kusema "hatuna dirisha hilo", anakwenda chumba cha mapokezi, anafungua mzigo, anamtoa mtu aliyejificha ndani, anamkalisha kitini na kumkabidhi muhuri wa ofisi.

Dawa ilikuwa fupi kushinda ugonjwa. Matoleo 4.6.4, 4.5.10 na 4.4.14 yaliongeza ukaguzi mmoja: jina la bomba likiwa na mkwaju, likataliwe papo hapo. Kwa wale wasioweza kubadilisha toleo siku ile, ilishauriwa waandike katika faili la usanidi mstari "nt pipe support = no", unaoyafunga mabomba yote, kwa gharama ya kuwapotezea wateja wa Windows baadhi ya huduma walizozizoea. Tangazo hilo lilitoka siku 12 tu baada ya tarehe 12 Mei 2017, programu ya WannaCry ilipozishambulia kompyuta za Windows katika nchi nyingi. Kwa hiyo wengine waliyachanganya mambo hayo mawili, ingawa kasoro zenyewe ni mbalimbali. Wiki chache baadaye ilionekana kwamba seva za Linux zilizokuwa hazijarekebishwa zilikuwa zikiingiliwa kwa kasoro hii ya Samba na kutumiwa kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya wengine.

Visanduku vidogo vya kuhifadhia data vilipata taabu zaidi, kwani mwenye kisanduku mara nyingi hajui hata kwamba ndani yake mna Samba. Twaitaja habari hii kwa sababu ndiyo sababu kubwa ya kuandika makala haya. Onyo la usalama huwafikia watu kama hao kwa lugha wanayoisoma, au haliwafikii kabisa. Na onyo hili haliwezi kueleweka kwa msomaji ambaye istilahi zake hazitofautishi jina la bomba na njia ya faili.

Mwaka 2022, katika toleo 4.16, Samba ilipiga hatua nyingine: huduma zinazosikiliza mabomba zilitolewa katika programu kuu ya mafaili na kuwekwa katika programu zake zenyewe, zinazoitwa zinapohitajika. Kwa lugha ya masjala, makarani wa madirisha sasa wana jengo lao, na tarishi huwapelekea karatasi.

5. Kulichagua neno

Sasa twaweza kuuliza neno gani lafaa. Neno la Kiingereza "pipe" liliingia katika elimu ya kompyuta kwa njia ya mfano. Mwaka 1964 Douglas McIlroy wa Bell Labs, Marekani, aliandika kwamba programu zinapaswa kuunganishwa kama vipande vya mpira wa kumwagilia bustani, kimoja kikifungwa kwenye kingine. Mwaka 1973 Ken Thompson alilitimiza wazo hilo katika mfumo wa Unix: yanayotoka katika programu moja yaliingia moja kwa moja katika nyingine. Baadaye, katika miaka ya 1980, mfano huo ulichukuliwa na mifumo ya OS/2 na LAN Manager na kupelekwa mtandaoni. Mfano ni wa kuunganisha, basi, wala si wa maji tu.

Maneno matano yangeweza kupendekezwa.

Paipu. Ni utohozi mwepesi, nao husikika kwa mafundi. Lakini haumwongezei msomaji chochote, na Kiswahili kina neno la siku nyingi kwa kitu hicho.

Mrija. Umbo lake lafaa, lakini mrija ni wa kunyonyea, na mwendo wake ni wa upande mmoja. Isitoshe, katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967 neno mirija lilitumika sana Tanzania kwa maana ya njia za unyonyaji, na harufu hiyo haijaisha.

Mfereji. Nchini Kenya maji ya mfereji ni yale yale yanayoitwa Tanzania maji ya bomba. Lakini mahali pengi mfereji ni mtaro ulio wazi, uliochimbwa ardhini. Neno lenye maana mbili katika nchi mbili halifai kuwa istilahi ya pamoja iwapo liko jingine.

Neli. Kamusi zinalo, na ni zuri kwa mirija ya maabara. Walimu wa sayansi wamekwisha kulitumia, na si vyema kuwanyang'anya.

Bomba. Neno hili, lililotujia kutoka Kireno, limeenea pande zote. Hutumika kwa bomba la maji nyumbani, kwa bomba la mafuta la TAZAMA lililoanza kazi mwaka 1968 kati ya Dar es Salaam na Ndola, na kwa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki linalotoka Hoima hadi Tanga. Ni kweli kwamba vijana husema "bomba" kwa maana ya kitu kizuri, lakini hakuna atakayepotea kwa hilo. Twapendekeza bomba.

Limebaki la pili: jinsi ya kusema kwamba lina jina. Wengine wangependa "bomba tajwa", kwa kuwa ni fupi. Watumishi wa serikali watatambua tatizo mara moja. "Mada tajwa hapo juu" katika barua zetu ni mada iliyokwisha kutamkwa. "Bomba tajwa" litasomeka kama bomba lile tulilolisema katika aya iliyopita. "Faili-bomba" nalo tunalikataa kwa nguvu zaidi, maana linarudia kosa lile lile la 2017 kwa kuambatisha faili mahali ambapo hapana faili. Twapendekeza "bomba lenye jina", wingi "mabomba yenye majina". Ni refu kidogo, lakini halimdanganyi mtu.

Hapana budi kutoa tahadhari moja. Unix nayo ina kitu kinachoitwa kwa Kiingereza jina hilo hilo. Hicho hukaa katika saraka kama faili, jina lake ni njia kweli, hutumika ndani ya mashine moja, na kwa kawaida data hupita upande mmoja. Bomba lenye jina la SMB hupitisha data pande zote mbili, hutumika kupitia mtandao, na jina lake ni jina tu. Samba ni programu ya Unix inayohudumia mabomba ya namna ya Windows, na katika mpaka huo ndimo kasoro ilimoingia. Mfasiri autaje mfumo anaousema mara ya kwanza neno linapotokea.

6. Taarifa zinazosomwa na mtumiaji

Mtumiaji wa kawaida haoni itifaki. Huona taarifa za makosa. Katika Windows taarifa za mabomba zina namba, nasi twapendekeza tafsiri zifuatazo, ambazo zimefuata maana na kuacha sura ya Kiingereza:

109 – Upande wa pili umefunga bomba. (Si "bomba limepasuka", hakuna kilichoharibika, ila mwenzako ameondoka.)

231 – Nafasi zote za bomba hili zinatumika. (Bomba moja laweza kuwa na nafasi kadhaa, kama makarani kadhaa kwenye dirisha moja. Msomaji aelewe kwamba anaweza kujaribu tena.)

233 – Hakuna programu upande wa pili wa bomba. (Dirisha lipo, karani hayupo.)

234 – Data zaidi ipo; endelea kusoma. (Ndiyo ile taarifa ya "bafa" tuliyoieleza juu.)

Kuna pia maneno yasiyofasiriwa kamwe. Jina kamili la bomba huandikwa hivi: \\seva1\pipe\srvsvc. Neno la kati ni sehemu ya anwani. Mfasiri akiandika "bomba" mahali pake, anwani haitafanya kazi. Vivyo hivyo IPC$, srvsvc na mengineyo. Kipimo ni rahisi: kinachosomwa na mashine huachwa, kinachosomwa na mtu hufasiriwa.

7. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Bomba lenye jina: mahali penye jina ambapo programu mbili huzungumza, katika SMB hufunguliwa kupitia IPC$.

Jina la bomba: neno linalotambulisha huduma katika orodha ya seva, halina mkwaju.

Njia ya faili: mfuatano wa folda unaoongoza hadi faili kwenye diski.

Eneo la pamoja: sehemu ya seva iliyofunguliwa kwa wateja.

Kishikio: namba inayotolewa na seva baada ya kufungua, inayotumika mahali pa jina.

Kufungamana: kupatana na huduma kabla ya kuiuliza.

Jibu la muda: taarifa kwamba ombi linashughulikiwa.

Moduli: kipande cha programu kinachopakiwa inapohitajika.

8. Hitimisho

Tumeeleza kwamba bomba lenye jina hufunguliwa kama faili ingawa si faili, na kwamba kazi ya seva ni kulipima jina dhidi ya orodha yake bila kulifuata jina hilo kwenye diski. Samba ilikosea hapo kwa miaka saba, na kurekebishwa kwake kulihitaji ukaguzi mmoja tu. Mwalimu anayefundisha somo hili aweza kulifupisha kwa sentensi moja: jina la bomba si njia ya faili. Wanafunzi wakiondoka darasani na sentensi hiyo, watayaelewa maonyo ya usalama, na watajua wamwite nani kompyuta ikiwaambia kwamba upande wa pili umefunga bomba. Istilahi tulizozitoa ni mapendekezo. Wasomaji wetu wenye maneno bora zaidi, hasa mafundi wanaozitumia seva hizi kila siku, twawaomba watuletee hoja zao ili tuzipime pamoja.